Muulize Fundi: Mtetemo Umetoka Wapi?

Haya wapenzi wa sauti, tumekutana tena. Barua za safari hii zimekuja na ugonjwa mmoja, mtetemo, na dawa moja ambayo kila mtu kaitumia kabla ya kuuliza, yaani kubandika kitu laini popote pale halafu kusubiri muujiza. Mimi sina ugomvi na mpira wala sponji wala lami, ninavyo mwenyewe gunia zima, ila kabla hujabandika chochote niambie kwanza huo mtetemo umetoka wapi na unaenda kumsumbua nani, maana kuuzuia usipite ni kazi moja, kuumeza ukishaingia ni kazi nyingine, na hewa inayopiga kelele ndani ya boksi ni kazi ya tatu kabisa. Twende.

SWALI: Fundi shikamoo. Mashine yangu ya santuri iko juu ya kabati moja na spika. Kwa sauti ya chini hakuna shida ila nikipandisha volumu inaanza kuvuma vuuuu, inazidi kukua yenyewe mpaka nikimbilie kuzima, na koni za spika zinacheza mbele nyuma kama zinataka kutoka. Nimeweka kipande cha godoro chini ya mashine, naona imekuwa mbaya zaidi, sasa hata nikipita karibu sindano inaruka. Ni sindano au ni amplifaya? Mwenye Santuri.

JIBU: Marahaba. Sindano nzima, amplifaya nzima, hapo ulichonacho ni mduara. Sindano kazi yake ni kuhisi vijitikisiko vidogo kuliko unene wa unywele na haina akili ya kujua kipi kimetoka kwenye mfereji wa santuri na kipi kimetoka kabatini, vyote kwake ni muziki. Kwa hiyo spika inatikisa kabati, kabati linatikisa mashine, sindano inasoma, amplifaya inakuza, spika inarudisha kabatini kitu kikubwa kuliko kilivyotoka, na mzunguko unaendelea hivohivo mpaka ukimbilie swichi. Ni ndugu wa ule mlio wa maikrofoni ikisogezwa mbele ya spika, tofauti yao ule unapiga kwiii na huu unavuma chini.

Na besi ndo inaumia zaidi kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi ili mifereji isigongane, halafu priampu, ile amplifaya ndogo ya mwanzo, inairudisha wakati wa kupiga. Kanuni inayotumika ni ya RIAA, chama cha makampuni ya rekodi cha Marekani, ya tangu 1954, na kwa kanuni hiyo hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) inakuzwa karibu desibeli 20 zaidi ya hezi 1000, yaani volteji mara kumi hivi. Mtikisiko wa kabati nao uko hukohuko chini kwa hiyo unapanda lifti ya bure.

Kwanza fanya kipimo hiki, hakihitaji kifaa. Mota izime, santuri isimame, shusha sindano juu yake taratibu, halafu pandisha volumu kidogokidogo, mkono usitoke kwenye kitufe, usijifanye shujaa hapo. Sasa gonga kabati kwa kidole, usikilize spika. Gonga ubavu wa mashine. Gonga sakafu kwa kisigino. Kila "du" unayoisikia kwenye spika ni njia ambayo mtetemo unapita. Kila utakapobadilisha kitu rudia kipimo, volumu ileile, na utajua kama umesaidia au umejifurahisha tu.

Sasa godoro. Kitu chochote kizito kikikaa juu ya kitu laini kinakuwa bembea, na bembea ina mwendo wake wa asili. Ukiisukuma haraka kuliko mwendo wake haikujali, ukiisukuma polepole inakufuata tu, ila ukiisukuma sawasawa na mwendo wake inapaa. Laini yako ni hivohivo: inazuia mitetemo iliyo juu ya mwendo wake wa asili, kuanzia mara 1.4 hivi kwenda juu, lakini mitetemo iliyo sawa na mwendo wake inaikuza, haiizuii. Kuna hesabu ya haraka ya kukadiria huo mwendo wa asili kwa hezi: pima mashine imeididimiza hiyo laini milimita ngapi, tafuta kipeuo cha pili chake, halafu gawa 15.8 kwa hicho. Ikididimia milimita 1 unapata karibu hezi 16, milimita 4 karibu hezi 8, milimita 10 hezi 5, na milimita 25 karibu hezi 3. Hiyo ni kwa springi halisi, mpira na sponji vinakuwa vigumu zaidi vikitikiswa haraka kwa hiyo jibu la kweli huwa juu kidogo ya hapo.

Kumbe mkono wa mashine pamoja na katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, nao ni bembea. Chukua uzito unaotikisika wa mkono na katriji kwa gramu, zidisha kwa ulaini wa katriji ulioandikwa kwenye karatasi yake, tafuta kipeuo cha pili, gawa 159 kwa hicho, utapata mwendo wake wa asili. Gramu 20 na ulaini 15 inakupa hezi 9 na kitu. Hapo ndipo panapotakiwa, kati ya 8 na 12, maana chini yake kuna santuri zilizopinda na nyayo za watu, na kuanzia 20 kwenda juu muziki umeshaanza. Sasa godoro lako nina hakika limeangukia karibu na hapohapo, bembea mbili zinasukumana, na juu ya hayo sponji nene inayumba pembeni, ndo maana ukipita sindano inaruka.

Dawa ya kwanza ni ya bure na ndiyo kubwa kuliko zote: toa spika kwenye hilo kabati. Wallahi nusu ya barua za santuri ninazopata zingeisha hapo. Ya pili, kama sakafu ni ya mbao na inanesa ukitembea, pandisha mashine kwenye rafu iliyofungwa ukutani, nyayo zitabaki sakafuni. Ya tatu, ukitaka kweli kutumia laini basi iwe na kitu kizito juu yake, ubao mnene au bapa la jiwe, halafu mashine juu ya bapa. Uzito ukiongezeka laini inadidimia zaidi na mwendo wa asili unashuka, pia bapa halitikisiki kirahisi. Tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kiasi tu, bapa lielee bila kugusa chini, inafanya kazi kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwenye maboksi mazuri. Ya nne, kama priampu yako ina swichi ya kukata mivumo ya chini ya hezi 20, iwashe, koni zitatulia zisicheze bure.

Angalizo moja tu, angalia kama mashine yako ina springi ndani. Zile ambazo sahani na mkono vinaning'inia pamoja kwenye springi, mtindo ulioenea tangu Edgar Villchur wa Acoustic Research alipotoa mashine yake mwaka 1961, tayari zimeshatengwa. Ukiziwekea laini nyingine chini unaweka bembea juu ya bembea. Hizo zinataka rafu nyepesi iliyo ngumu, basi.

SWALI: Kaka, nimejitengenezea maboksi ya spika kwa MDF (ubao wa unga wa mbao) ya milimita 12, wufa (spika ya besi) inchi 8. Nimejaza pamba ya mito mpaka pomoni lakini sauti za kiume bado zinasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Jamaa yangu ananiambia nibandike trei za mayai ndani. Unasemaje? Seremala wa Jumapili.

JIBU: Trei zibaki na mayai. Karatasi ile haina uzito wa kutuliza mbao wala unene wa kumeza hewa, sijui nani alianzisha hii habari.

Tatizo lako ni kwamba umetibu hewa wakati mgonjwa ni mbao. Ndani ya boksi kuna hewa inayogonga ukuta na kurudi, hiyo pamba inaishughulikia vizuri tu, tena hukuhitaji kushindilia, kama gramu 10 kwa kila lita ya boksi inatosha kuanzia. Lakini kuta zenyewe zinaimba. Piga ngoma halafu weka kiganja juu ya ngozi yake, sauti inakufa palepale. Kiganja hakikuifanya ngozi kuwa ngumu, kimekula mwendo wake. Pamba inayoelea katikati ya boksi haiwezi kufanya hivo, haijagusa ukuta kwa uzito wowote.

Gonga katikati ya kila upande kwa kifundo cha kidole. Ukisikia "tok" kavu fupi, huo upande hauna neno. Ukisikia "dooong" yenye mkia, umempata. Alafu piga sauti moja laini ya majaribio inayopanda kutoka hezi 100 mpaka 800 hivi huku kiganja kiko kwenye ukuta, utasikia kuna sehemu unawasha ghafla kwenye ngozi, andika namba. Kwa ukubwa wa boksi lako sitashangaa ikiwa iko katikati ya mia mbili na mia tano, hukohuko sauti ya mwanaume ilipo, pipa lako ndo hilo.

Kuna njia mbili za kwenda na watu wanazichanganya. Ukifunga kipande cha mbao kutoka ukuta mmoja hadi wa pili ndani ya boksi, unaufanya ukuta mgumu, mlio unapanda juu lakini haufi. Usikiweke katikati kabisa, sogeza pembeni kidogo ili vipande viwili vya ukuta visilingane, vikilingana vyote vinaimba noti moja. Njia ya pili ni kumeza, na hapa ndo lami inaingia. Watu wa utafiti wa BBC huko Uingereza miaka ya 1970 walishughulika sana na hili, spika yao ndogo ya LS3/5A ilikuwa na kuta za plaiwudi ya mti wa birchi milimita 12 tu zilizobandikwa mabapa ya lami ndani, na ripoti yao ya 1977 kuhusu maboksi ilitetea hoja hiyo: ukuta mwembamba uliotulizwa vizuri unaimba chini na kwa muda mfupi, wakati ukuta mnene usiotulizwa unaimba juu zaidi, mahali ambapo sikio ni kali. Yaani unene peke yake sio ushindi. Mimi mwenyewe niliamini unene kwa miaka, nikatengeneza boksi ambalo lilihitaji watu wawili kulibeba, na bado liliimba.

Ila sikiliza, lami ya kubandika juu inafanya kazi kwa kuvutwa ukuta unapopinda, kwa hiyo kijikaratasi cha milimita 2 kwenye MDF nene ni kama kumkanda tembo. Inafaa sana kwenye bati na plaiwudi nyembamba. Kwa MDF yako ya 12 ama uweke tabaka zaidi ya moja, unene ukaribie nusu ya ubao, ama ufanye ninachokipenda mimi, sandwichi. Ubao wa pili, hata wa milimita 6, kwa ndani, na katikati yao gundi ya aina isiyokauka ikawa ngumu, ile inayobaki kama ufizi. Ukuta ukitaka kupinda, mbao mbili zinataka kuteleza moja juu ya nyingine, ile gundi katikati inaburuzwa huku na huku, na mwendo unageuka joto dogo ambalo hata hutalihisi. Ukitumia gundi nyeupe ya mbao umetengeneza tu ubao mmoja mnene, kazi bure. Na usipige skrubu inayopita mbao zote mbili, skrubu ni daraja, mtetemo utapita juu yake ukiicheka gundi yako. Kumbuka tu ubao wa pili unakula ujazo wa boksi, na kama boksi lina tundu la hewa usilizibe kwa pamba.

Na kabla ya yote hayo, tafadhali fungua uangalie waya. Nimeshafungua boksi la mtu aliyekuwa tayari kununua spika mpya, nikakuta waya mmoja unagusa ukuta na ndio uliokuwa unalia dzzz kila besi ikishuka. Kipande cha sponji, dakika mbili, kwisha.

SWALI: Nimeambiwa spika lazima zikae kwenye miguu ya ncha kali kwa sababu ncha inatoa mtetemo nje ya spika na kuuzuia usirudi. Mwingine ananiambia nitoe hizo ncha niweke mpira. Nimsikilize nani? Nimechoka Kubeba Spika.

JIBU: Hiyo habari ya ncha kupitisha upande mmoja kama vali ya tairi haipo. Chuma kinapitisha mtetemo kwenda na kurudi sawasawa. Kazi ya ncha ni kutoboa zulia ifike kwenye sakafu ngumu ili spika isiyumbe, na hiyo ni kazi halali, spika ndefu juu ya zulia nene ikiyumba unapoteza mengi. Lakini ncha inaunganisha, haitengi.

Kwa hiyo angalia sakafu. Zege iliyokaa juu ya ardhi ni nzito kiasi kwamba spika yako haiwezi kuifanya lolote, weka ncha, weka mpira, tofauti utaitafuta kwa tochi. Sakafu ya mbao iliyo wazi chini ni hadithi nyingine, ile ni ngoma, na ukiiunganisha na spika kwa ncha umeipa mpigaji. Hapo mpira au springi ndo jibu, na mara nyingi watu husema besi imepungua, kweli imepungua, ile iliyokuwa ya sakafu.

Ukibaki na ncha, chini yake weka visahani vya chuma. Spika ya kilo 30 kwenye ncha nne kila moja na kichwa cha milimita ya mraba moja, ni kilo saba na nusu kwenye eneo dogo kuliko punje ya ulezi. Mbao haina ubavu huo.

Kwa spika ndogo za juu ya stendi, vidonge vinne vidogo vya Blu-Tack, ule ulimbo laini wa kubandikia karatasi ukutani, kila kimoja ukubwa wa punje ya njegere, kati ya spika na bapa la stendi. Vinashika, vinameza kidogo, na spika haianguki mtoto akipita. Na kama stendi ni bomba tupu, gonga usikie inavyolia kama kengele, halafu jaza mchanga mkavu kabisa. Chembe za mchanga zikisuguana zinakula mlio. Nimesema mkavu kabisa, ukiwa na unyevu utaleta kutu baadae.

SWALI: Kuna vipande vya mawe na koni za shaba vya kuweka chini ya CD pleya na amplifaya, wanadai sauti inafunguka. Niweke? Mwenye Shaka.

JIBU: Acha. CD tangu ilipotoka mwaka 1982 ina mfumo wa kusahihisha makosa ndani yake, na data inakaa kwanza kwenye kumbukumbu ndogo kabla ya kutoka kwa mwendo wa saa yake ya ndani. Ama inasomeka, ama inaruka, na ikiruka utajua bila kuuliza. Amplifaya ya transista nayo haina sikio.

Isipokuwa kama amplifaya yako ni ya valvu, zile chupa za kioo za zamani zinazowaka kama taa. Valvu ndani ina nyaya na vijibati vinavyoning'inia, vikitikisika sauti inabadilika. Gonga ile ndogo ya mbele kwa kifutio cha penseli taratibu, ukisikia "tiing" kwenye spika basi hiyo inahisi mtetemo. Pete za silikoni zinazovumilia joto zinasaidia, na mpira laini chini ya amplifaya yenyewe. Usithubutu kuweka sponji ya kawaida karibu na valvu, itayeyuka au itawaka.

SWALI: Amplifaya yangu inanguruma hata ikiwa haipigi kitu. Nimeweka pedi nne za mpira chini, ngurumo imepungua lakini bado ipo. Niongeze pedi? Mama wa Usiku Mtulivu.

JIBU: Kupungua kwake kumeshakupa jibu dada yangu, ngurumo inatoka kwenye boksi lenyewe wala siyo kwenye spika. Hakikisha hata hivyo, sogeza sikio kwenye spika kisha kwenye amplifaya. Kama ni spika tuko kwenye habari za nyaya na athi, mpira hauhusiki.

Transfoma ndani ina chuma kinachorefuka na kufupika kidogo sana kila sumaku inapobadilika, na inabadilika mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, kwa hiyo umeme wa hezi 50 unanguruma hezi 100, na wa hezi 60 unanguruma 120. Kidogo ni kawaida. Rafu ya kioo au kabati tupu chini yake inafanya kazi ya boksi la gitaa, inakuza. Pedi zako zimekata hiyo njia, za ziada hazitaongeza kitu. Kilichobaki kinatoka kwenye transfoma kupitia bati la amplifaya, na dawa yake ni washa za mpira kati ya transfoma na bati.

Hiyo kazi mpe fundi. Sisemi hivo kujitafutia wateja, kapasita za ndani zinashika umeme hata baada ya kuchomoa waya. Na fundi asiyejua anaweza kukaza bolti ya transfoma ya duara mpaka kichwa chake kiguse mfuniko wa juu huku chini kimegusa bati, hapo anakuwa amezungusha waya mmoja mnene wa shoti kupita katikati ya transfoma, na itapika. Ikiwa transfoma ni ya duara na ngurumo inakuja na kuondoka kwa masaa fulani, huenda umeme wa nyumba una mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) kidogo uliojichanganya ndani, kuna kichujio cha kuuondoa na mpira wa aina yoyote hautauona.

SWALI: Jirani wa chini analalamika na sabufa yangu. Nimenunua bapa la sponji la sentimita 5 nimeiweka juu yake, bado anapanda ngazi kunigongea. Sponji mbovu? Nisamehewe.

JIBU: Sponji sio mbovu, umeituma kazi mbili na inaweza moja. Koni ikienda mbele boksi linarudi nyuma. Tuseme koni ni gramu 100 na boksi kilo 20, koni ikisogea milimita 10 boksi linasogea milimita 0.05. Inaonekana si kitu, lakini kwenye sakafu nyepesi inatosha kuamsha boriti. Hiyo sehemu inazuilika, mradi laini yako ididimie vya kutosha. Kwa besi ya hezi 25 unataka mwendo wa asili usizidi 12 hivi, rudi kwenye ile hesabu niliyompa Mwenye Santuri. Sponji ambayo haijadidimia hata kidogo chini ya sabufa ni ngumu mno, haijafanya kazi, imekaa tu.

Sehemu ya pili ni hewa. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, linajaza chumba, linasukuma sakafu yote kwa pamoja, halijui kama sabufa imekaa kwenye sponji au imening'inizwa kwa kamba. Kwa hilo mkononi mwako una vitu vichache: toa sabufa kwenye kona, maana kona inaiongezea nguvu, kisha punguza volumu yake, na usogee wewe karibu nayo ili usikie besi ileile kwa nguvu ndogo. Wengine wanaiweka nyuma kabisa ya kochi na wanaridhika. Na ukiwa hapo piga sauti ya majaribio ya kupanda kutoka hezi 20 hadi 120, uzunguke chumbani, utashangaa ni milango mingapi, fremu ngapi za picha na vifuniko vingapi vya taa vinavyolia. Vipande vya kitambaa cha feli nyuma ya fremu.

Saa za jirani kulala sina pedi ya kukuuzia.

SWALI: Nilinunua miguu ya Sorbothane, ule mpira laini wa kumeza mtetemo, nikaweka chini ya spika, baada ya miezi imekuwa bapa kama chapati na imeacha duara za mafuta kwenye kabati la mninga. Mke wangu haongei na mimi. Duara Nne.

JIBU: Pole sana. Vitu viwili vimetokea. Kwanza ulinunua ukubwa usiolingana na uzito. Zile zinafanya kazi vizuri zikibonyea asilimia 10 mpaka 20 ya unene wake. Zikibeba zaidi ya uwezo zinalala bapa na kuwa ngumu, zikibeba kidogo mno hazibonyei na zinakuwa ngumu vilevile. Pima spika kwenye mizani, gawa kwa idadi ya miguu, ndo uchague. Na spika huwa nzito zaidi mbele kwa sababu ya sumaku, kwa hiyo miguu mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, mara nyingi inagawa mzigo vizuri kuliko minne.

Pili, zile laini zina kimiminika ndani yake cha kuzifanya laini, na kinatoka polepole kinaingia kwenye vanishi. Mipira mingi nayo hufanya hivohivo, hata pedi za bei mbaya. Kuanzia leo weka kitu kisichonyonya kati yake na mbao, kipande cha kigae au kisahani cha kioo kinatosha. Karatasi haisaidii, inanyonya na kupitisha.

Kuhusu duara nne, jaribu kwanza kufuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, pembeni kusikoonekana. Kama kimiminika kimeshaingia ndani ya vanishi hakitoki kwa kusugua, ni kuparua na kupaka upya. Au ufanye nilivyofanya mimi kwa yale ya kwangu, rudisha spika palepale, zifunike duara.